Kuotesha osteoklasti mwenyewe, kuanzia uboho wa panya mpaka lijitu lenye viini 30: mwongozo kamili

Kila mwanafunzi mpya anayekuja kwenye benchi letu huwa analeta moja kati ya malalamiko mawili. La kwanza, "nimeweka RANKL leo siku ya tano sioni hata osteoklasti moja" (RANKL ni protini ya ishara inayoigeuza seli changa kuwa osteoklasti). La pili, "jana zilijaa kibao, leo nimefika nakuta vivuli tu". Nimeshayajibu haya kwa voisi za WhatsApp mpaka basi, kwa hiyo naandika yote sehemu moja. Ni refu kidogo, vuta kiti.

Kwa ambaye ndo anaanza: osteoklasti ni ile seli inayokula mfupa. Inajibandika juu ya mfupa, inazungushia pete ya aktini (protini ya kiunzi cha seli) pembeni kama vile unavyoziba mfuniko wa sufuria ya biriani kwa unga mvuke usitoke, halafu humo ndani inamwaga asidi ya kuyeyusha madini pamoja na kimeng'enya kinaitwa kathepsini K cha kukata kolajeni. Si adui. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka na mbomoaji ni huyu, shida inakuja akizidi, hapo ndo mifupa ya bibi zetu inavunjika kwa kujikwaa tu, na akikosekana kabisa mfupa unakuwa mzito kama jiwe, uboho unakosa nafasi.

Jina lake alilitoa mwanasayansi Kölliker mwaka 1873, lakini miaka 100 baadaye watu walikuwa bado wanabishana hii seli inatoka wapi, wengi wakidhani ni mtoto wa seli za mfupa wenyewe. Mwaka 1975 mtafiti Walker akachukua panya wenye ule ugonjwa wa mifupa kuwa mizito akawapa uboho na seli za bandama kutoka kwa panya wazima wa afya, mifupa ikaanza kuliwa kama kawaida. Kwa maana hiyo asili yake ni ukoo wa damu, ukoo wa monosaiti na makrofaji, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu na uchafu. Ndo maana leo unaweza kuichokonoa kwenye uboho na kuiotesha kwenye pleti.

Sasa shika hili moja kwanza, mengine yote yanafuata hapo: osteoklasti haigawanyiki ikawa na viini vingi. Viini vingi vinatokana na seli nyingi zenye kiini kimoja kimoja kuungana utando kwa utando, zikachanganya maji yao ya ndani, kila moja ikaja na kiini chake na kila kiini kikabaki peke yake. Ni kama vibanda vinavyovunja kuta vikawa ukumbi mmoja, ila kila mpangaji kabaki na kitanda chake. Kwa hiyo kazi yako siku zote hizi tano si kuzalisha seli nyingi, kazi yako ni kuandaa muungano.

Muungano wenyewe unaendaje? Seli changa inahitaji ishara mbili. M-CSF, protini ya ukuaji, ndo inaiweka hai na kuizalisha, na ndiyo pia inayoifanya ioteshe pokezi linaloitwa RANK juu ya ngozi yake. Kisha RANKL, iliyotambuliwa mwaka 1997 na 1998, inashika lile pokezi, ndani mnyororo unawaka kupitia protini za TRAF6, NF-kB na c-Fos, kalsiamu inaanza kupanda na kushuka, na mwisho wa siku anaamka bosi mkubwa, NFATc1. Huyu ndo anafungua jeni za kazi: kathepsini K, TRAP (kimeng'enya kinachoitambulisha osteoklasti), na zile za kuungana kama DC-STAMP, OC-STAMP na ATP6V0D2. DC-STAMP ndo maarufu zaidi. Panya wasiokuwa nayo, walioripotiwa 2005, osteoklasti zao zinabaki na kiini kimoja kimoja. Zina TRAP, mfupa zinakula, ila kwa uvivu, na mifupa yao inakuwa mizito kidogo. Hapo unaona kuungana ndiko kunaipa seli nguvu ya kazi.

Halafu kuna lile jambo la ngozi kugeuka. Kuna mafuta ya utando yanaitwa fosfatidilserini, kawaida yanakaa upande wa ndani, na yakitokea nje seli inakuwa imetangaza "nakufa njooni mnizoe". Osteoklasti changa inayatoa nje ikiwa hai kabisa, kama ishara ya kukaribisha mwenzake. Kwa binadamu anaongezeka na Sinsitini-1, protini ambayo asili yake ni kirusi cha zamani mno kilichojichomeka kwenye vinasaba vya mababu zetu, na ndiyo hiyo hiyo inayounganisha seli za kondo la nyuma la mama mjamzito. Mimi hili huwa linanishangaza kila mara, kirusi kimeshaondoka, silaha yake tumebaki nayo tunabomolea mifupa.

Haya, tuingie jikoni.

Hatua ya kwanza, uboho. Tunatumia panya wa maabara wa wiki 6 mpaka 10, kwa kibali cha kamati ya maadili, hilo sirudii. Toa mifupa ya paja na ya muundi, miguu yote miwili, safisha nyama yote kwa shashi na mkasi, nyama ikibaki utapata seli za ajabu ajabu zinazotambaa pleti nzima. Chovya mfupa kwenye ethanoli ya asilimia 70 sekunde chache, hamishia kwenye bafa baridi, kata ncha zote mbili, halafu kwa sindano namba 25 sukuma midia (maji ya kulishia seli) mpaka mfupa ugeuke mweupe. Ukibaki na wekundu bado kuna mali humo. Pitisha kwenye chujio la maikromita 70, zungusha kwenye sentrifuji, ondoa seli nyekundu kwa ile bafa ya amonia kloridi dakika mbili tu, zisizidi, kisha osha. Panya mmoja anakutoa vizuri seli milioni 30 na kuendelea, usiue watatu kwa jaribio la pleti moja.

Midia yetu ni alfa-MEM yenye seramu ya ndama asilimia 10 na penisilini na streptomaisini. Kuhusu seramu nisikilize vizuri, chupa moja na nyingine si sawa hata kama kampuni ni ile ile. Jaribu kundi mbili tatu, chagua linalokupa seli kubwa, nunua chupa za kutosha za namba hiyo hiyo uweke friza. Miezi miwili ya maisha yangu imepotea kwa sababu mtu aliagiza seramu ya namba nyingine katikati ya kazi na mimi nikabaki kulaumu RANKL.

Usiku wa kwanza weka seli zote kwenye chombo cha kawaida cha kuoteshea na M-CSF kidogo, nanogramu 10 kwa mililita inatosha. Asubuhi zile zilizong'ang'ania chini ziache, ni makrofaji zilizokwisha komaa na seli za kiunzi. Unazozitaka ni zinazoelea. Watu wengi hapa wanamwaga zinazoelea wanabaki na zilizoshika, wamezoea seli zingine, halafu wanashangaa. Zinazoelea ndo mali!

Hatua ya pili, kuzikuza. Chukua hizo zinazoelea ziweke kwenye petri ya plastiki ya kawaida, ile ya bakteria isiyotiwa dawa ya kushika seli, na M-CSF nanogramu 30 kwa mililita, siku tatu. Kwa nini petri ya bakteria? Makrofaji zinashika kiasi juu yake, na siku ya kuzibandua unatumia bafa baridi yenye EDTA dakika 10 zinatoka zenyewe bila kukwanguliwa. Kwenye plastiki iliyotiwa dawa zinang'ang'ania kama kupe, ukizikwangua nusu zinakufa. Baada ya siku tatu unaona seli ndefu ndefu zenye mikia, hizo ndo malighafi.

Hatua ya tatu ndo yenye vita, idadi. Muungano ni mambo ya ujirani. Ukipanda chache hazifikiani, ukipanda nyingi mno zinalundikana, zinamaliza midia na RANKL kabla hazijafika popote, na chini ya maikroskopu lundo linakudanganya kama ni seli kubwa. Kwenye pleti ya visima 96 mimi naanza na elfu 10 kwa kisima, na kila mara natengeneza safu ya pembeni yenye elfu 5 na elfu 20 nione kundi la leo linapenda nini. Na zisambaze vizuri! Ukishaweka pleti usiizungushe kama unakoroga chai, seli zote zinakusanyika katikati. Isogeze mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, iache mezani dakika 15 ndo uipeleke inkubeta.

Weka M-CSF 30 na RANKL 50 nanogramu kwa mililita. Namba ya RANKL usiichukulie kama Msahafu, nguvu yake inatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo chupa mpya ikija jaribu 25, 50 na 100. Igawe kwenye vichupa vidogo siku ile ile unayoiyeyusha, uichanganye na albumini kidogo isigande kwenye kuta za chupa, na usiigandishe na kuiyeyusha mara mbili. Kwa wenzangu wa huku ambako umeme una mambo yake, friza ikizimika wikiendi nzima usijaribu hata kujipa moyo, ijaribu kwanza kabla hujaweka kazi ya maana.

Lazima uwe na visima vya M-CSF peke yake. Huko kusiwe na hata moja yenye viini vingi. Zikitokea, kuna kitu kimeingia. Na jihadhari na LPS, yale makombo ya bakteria kwenye maji au midia mbovu. Yakiwepo mapema kabla ya RANKL yanazigeuza seli kuwa makrofaji za vita na osteoklasti hupati. Yakiingia baadaye, seli zikishaonja RANKL, yanazichochea zaidi. Maji yale yale mabovu yanaweza kukupa majibu mawili yanayogombana kwa siku mbili tofauti, wewe ukaandika ni ugunduzi.

Sasa ratiba, ukihesabu tangu uweke RANKL. Siku ya kwanza na ya pili hamna cha kuona, seli zinaongezeka tu, ila ndani NFATc1 anajipanga. Siku ya pili jioni au ya tatu asubuhi badilisha midia, weka M-CSF na RANKL mbichi, nyonya taratibu kwa pembeni maana zinabanduka. Siku ya tatu ukichungulia utaona seli zimejikusanya vikundi vikundi, zimelaliana, zinanyoosha vidole kuelekea kwa mwenzake. Ndo mlango unafunguka. Kati ya saa ya 72 na ya 96 ndo muungano unakwenda kasi, unaweza kulala ukaacha seli za viini vitatu ukaamka na chapati zenye viini 20 au 30, kingo zake zimetandaa hazina hata nukta. Siku ya tano nyingi zinaanza kufa. Hazina ugonjwa, ndivyo zilivyo, kwenye plastiki maisha yake ni mafupi. Yule anayesema "zimepotea" hajapoteza kitu, kachelewa.

Kwa hiyo ukianza RANKL siku ya Jumatano, zitakomaa Jumapili. Anza Ijumaa jioni, dirisha linaangukia Jumatatu na Jumanne. Hii ndo siri kubwa kuliko zote na haimo kwenye protokali yoyote niliyopewa.

Kama huna panya, kuna RAW264.7, seli za ukoo wa makrofaji zilizokwisha zoea maabara. Hizi hazihitaji kuwekewa M-CSF, RANKL peke yake inatosha, unapanda chache zaidi, elfu 2 mpaka elfu 5 kwa kisima, maana zenyewe zinazaliana kama sungura. Ni rahisi, ila zikishapandikizwa mara nyingi zinasahau kazi, ukiona zinajaa tu haziungani rudi kwenye kichupa cha zamani. Za binadamu zinatoka kwenye monosaiti za damu zenye alama ya CD14, nazo zinataka uvumilivu, wiki moja mpaka mbili, na kila mchangia damu ana tabia yake.

Kuzipaka rangi. Zikaze zisiharibike (fixing) kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4 dakika 10, isizidi maana utaua kimeng'enya unachotaka kukiona. Osha. Halafu rangi ya TRAP: nafthol AS-MX fosfeti pamoja na chumvi ya Fast Red Violet LB kwenye bafa ya asetati ya pH 5 yenye tatrati milimola 50. Ile tatrati ndo mchujo wenyewe, inazima fosfatasi nyingine za asidi inabaki ya osteoklasti ambayo haizimiki. Weka nyuzi 37 uchungulie kila baada ya dakika tano. Rangi inakuja kama juisi ya rosella. Mara makrofaji za pembeni zikianza kuwa pinki simamisha, umeshafika.

Na hapa ndo kwenye ugomvi wangu na nusu ya wanaofanya kazi hii. Desturi inasema hesabu kila seli yenye TRAP na viini vitatu au zaidi. Sawa. Lakini fikiria kisima kina seli 10 zenye viini vitano vitano. Ukaweka dawa yako, zikaungana zaidi zikawa 2 zenye viini 25. Kwa kuhesabu seli umeshuka kutoka 10 mpaka 2, utaandika dawa inazuia osteoklasti, kumbe imezichochea! Viini ni 50 pale pale. Kwa hiyo hesabu viini. Paka DAPI kwa viini na faloidini kwa pete ya aktini, hesabu viini vilivyomo ndani ya seli zenye vitatu na kuendelea, gawanya kwa viini vyote vya uwanja huo, zidisha kwa 100, hiyo ndo faharasa ya muungano. Toa na idadi ya viini kwa kila seli. Seli, viini na eneo, vitatu hivyo vikikaa pamoja ndo unajua kama kilichobadilika ni uzalishaji, muungano, au uhai. Na anayehesabu asijue kisima kipi kina dawa, mwombe mwenzako afiche majina, macho yetu yanapenda kutufurahisha.

Na utajuaje ni muungano kweli na si seli zimelaliana? Gawa makrofaji mafungu mawili siku ya kupanda, moja lipake rangi ya kijani ya utando, lingine nyekundu, zichanganye nusu kwa nusu. Seli kubwa yenye rangi zote mbili imetokana na pande zote mbili, hakuna ubishi. Ukitaka kuona muungano wenyewe moja kwa moja kuna ujanja wa lisofosfatidilkolini: unaiweka usiku seli zinapokaribia kuungana, inazuia tando zisichanganyike ilhali maandalizi mengine yote yanaendelea, asubuhi unaiosha na ndani ya dakika 90 hivi zinaungana kwa mkupuo mmoja mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nimeona hii niliita watu wa chumba cha pili.

Ila viini vingi peke yake haviifanyi seli kuwa osteoklasti. Makrofaji ukizipa IL-4, ishara nyingine ya kinga ya mwili, zinaungana vizuri tu zikawa majitu, lakini mfupa hazichimbi. Kwa hiyo mtihani wa mwisho ni mfupa wenyewe. Maabara za wenzetu zamani zilitumia sana vipande vya pembe za ndovu zilizokamatwa na forodha, maana dentini yake ni laini haina mashimo ya asili. Sisi tunanunua mfupa wa paja la ng'ombe buchani, ule mzito wa katikati, mwambie muuzaji asiuchemshe wala asiupasue kwa shoka. Kata vipande vyembamba kwa msumeno wa almasi wa mwendo mdogo, karibu maikromita 200, toboa viduara vinavyoingia kisima cha 96, osha mafuta, weka ethanoli, kausha, piga UV pande zote mbili, na loweka kwenye midia usiku mzima kabla ya kupanda.

Panda makrofaji moja kwa moja juu ya mfupa, usijaribu kuhamisha osteoklasti zilizokomaa, zinachanika kama karatasi iliyolowa. Juu ya mfupa zinabaki ndogo kuliko kwenye plastiki na zinachukua muda zaidi, wape siku saba mpaka kumi, na usikate tamaa kwa kutoziona maana kipande hakipitishi mwanga vizuri. Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: watafiti Arnett na Dempster walionyesha mwaka 1986 kwamba osteoklasti zinaamshwa na uasidi. Kwenye pH 7.4 karibu hazichimbi kabisa, ukishusha mpaka kama 6.9 zinachacharika. Kwa hiyo zikishaungana ongeza asidi ya haidrokloriki kidogo sana, pima pH baada ya midia kukaa ndani ya inkubeta yenye dioksidi kaboni, sio mezani, namba ya mezani ni ya uongo.

Mwisho ondoa seli kwa amonia na brashi laini, paka toluidini bluu ya asilimia 1 dakika mbili tatu, suuza, kausha. Mashimo yanatokea ya bluu iliyokoza, mengine ya duara, mengine marefu kama njia ya konokono, hayo marefu ni pale seli ilipokuwa inachimba huku inatembea. Pima eneo kwa ImageJ, programu ya kupima picha. Na kile kisima cha M-CSF peke yake kipake pia, kikiwa na mashimo basi ulichokipima ni mikwaruzo ya msumeno.